Klika za vyuo vya Marekani: sauti ya mnyonge au filimbi ya polisi?

Leo siasa naiweka pembeni, tuongelee darasani. Lakini kabla sijaenda mbali, naomba kila anayesoma hapa ajibu swali moja kichwani, na asichungulie kwa jirani wa kompyuta ya pili.

Lori la mafuta limegongana uso kwa uso na bajaji. Pale pale wanapogongana, nani kamsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? A, lori. B, bajaji. C, nguvu ni sawasawa. D, inategemea nani alikuwa na spidi kubwa.

Umechagua? Herufi yako ikumbuke, tutairudia.

Kwenye vyuo vingi vya Marekani na Canada swali kama hilo linatokea ukutani kwa projekta, ukumbi una watu 200, 300, na kila mmoja ana kidude mkononi. Wanakiita klika. Ukikiona utadhani rimoti ya deki: vitufe vya A mpaka E, betri ndogo ndani, kinarusha mawimbi ya redio kwenda kwenye kipokezi kilichochomekwa kwenye kompyuta ya mhadhiri. Za mwanzo zilitumia mwanga kama rimoti ya TV, ukikaa nyuma ya jamaa mrefu umekwisha. Inayojulikana zaidi ni iClicker, iliyobuniwa na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Illinois pale Urbana-Champaign. Waliowahi kuangalia Who Wants to Be a Millionaire wanakumbuka mshiriki akikwama anaomba msaada wa watazamaji, zinapanda nguzo nne kwenye skrini. Ni mchezo ule ule, ila hapa mtu hapewi pesa.

Sasa kwa nini mtu mzima, profesa kabisa, ahangaike na rimoti? Jibu kila mtu aliyesoma shule zetu analijua. Mwalimu anaandika ubao mzima, anageuka, anauliza "mmeelewa?" Darasa zima: "ndiyooooo!" Anafuta ubao, anaendelea. Mimi nimeishia kidato cha sita na nimeitikia "ndiyooo" nyingi mno ambazo hazikuwa na ukweli wowote. Ukinyoosha mkono useme hujaelewa, kwanza wenzako wanacheka, pili mwalimu anaweza kukuambia wewe ndiye uliyekuwa unapiga stori. Kwa hiyo unanyamaza. Watu themanini mnanyamaza pamoja, na mwalimu anaenda nyumbani akijua amefundisha.

Klika inavunja hiyo "ndiyooo". Unabonyeza kimya kimya, jirani haoni, na baada ya dakika moja grafu inapanda mbele ya wote: 22 A, 8 B, 30 C, 40 D. Hapo hakuna cha kuitikia. Darasa halijaelewa, na mhadhiri ameona kwa macho yake.

Mtu aliyefanya jambo hili lijulikane ni Eric Mazur, alianza kufundisha fizikia Harvard mwaka 1984. Wanafunzi walimpa alama nzuri kwenye fomu za tathmini, mitihani walifaulu, naye akajiona mkali. Kwenye mwaka 1990 hivi akasoma kazi za walimu wa fizikia wa Arizona, waliogundua kwamba wanafunzi wanaweza kukokotoa mahesabu magumu na bado wasielewe mambo ya msingi. Mazur akasema labda huko Arizona, siyo kwangu. Akawapa watoto wa Harvard ule mtihani wa maswali ya maneno matupu, bila hesabu. Mwenyewe anasimulia kwamba mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza ajibu vipi, kwa namna alivyofundishwa au kwa namna anavyowaza mwenyewe siku zote.

Wadau, lisomeni tena hilo swali. Yule mwanafunzi ana fizikia mbili kichwani, moja ya mtihani na moja ya maisha, na hazijawahi kusalimiana.

Turudi kwenye lori na bajaji. Jibu ni C. Kanuni ya tatu ya Newton tuliikariri wote kama sala: nguvu unayonisukuma nayo ndiyo ninayokurudishia. Lori na bajaji zinasukumana sawasawa. Bajaji inageuka chapati kwa sababu ni nyepesi, kwa hiyo mwendo wake unabadilika ghafla mno, wakati lori halishtuki. Kama ulichagua A au D usijisikie vibaya, swali la lori na gari dogo ni katika yale yale yaliyowaangusha wanafunzi wa Mazur, na hao ni wale walioingia chuo ambacho dunia nzima inakililia. Kanuni walikuwa wanaitaja bila kukosea hata neno.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha. Anasema alisimama mbele akaeleza, nyuso zimeganda. Akaeleza tena kwa njia nyingine, zimeganda zaidi. Akakata tamaa, akawaambia basi jadilianeni wenyewe kwa wenyewe. Ukumbi ukalipuka kelele, na baada ya dakika chache wakawa wameshaelewana. Maelezo yake ni kwamba aliyeelewa jana anakumbuka bado palipomkwaza, wakati profesa aliyeelewa miaka thelathini iliyopita ameshasahau kwamba pale pana kisiki.

Toka mwaka 1991 akaanza kufundisha hivyo. Anaongea kidogo, anatupa swali gumu, kila mtu anajibu peke yake, halafu wanageukiana kubishana, halafu wanapiga kura mara ya pili. Kitabu cha njia hiyo alikitoa mwaka 1997. Na hapa ndipo wauza vifaa hawapendi kupaongelea: mwanzoni hakukuwa na klika. Watu walinyoosha mikono na kuinua kadi. Rimoti imekuja baadaye, kurahisisha kuhesabu.

Utafiti upo, tena wa kutosha. Mwaka 1998 Richard Hake alitoa hesabu ya wanafunzi 6,542 wa fizikia katika kozi 62. Kozi ambazo wanafunzi walishirikishwa zilionyesha maendeleo karibu mara mbili ya zile za kusikiliza tu. Mwaka 2009 ukaja wa Chuo Kikuu cha Colorado, kwenye darasa la jenetiki. Hapa walikuwa wanajibu swali wasiwasi wa wengi, yaani kwamba kwenye majadiliano wavivu wanamnakili aliye mkali, wanabonyeza alichosema, basi. Wanafunzi walijibu swali kila mtu peke yake, 52 kwa mia wakapata. Wakajadiliana, wakajibu lile lile, 68 kwa mia. Halafu wakapewa swali jingine la wazo hilo hilo, bila kuongea na mtu, na 73 kwa mia wakapata. Kwa hiyo siyo kudesa. Na kilichonishangaza zaidi, hata makundi ambayo mwanzoni hakuna aliyekuwa anajua jibu, wakibishana wanafika.

Lakini ule ambao ningependa kila mkuu wa chuo auweke ukutani ni wa mwaka 2011, wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada. Nyuma yake yuko Carl Wieman, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2001. Walichukua madarasa mawili makubwa ya somo moja, kila moja na wanafunzi kama 270. Kwa wiki moja, darasa la kwanza likaendelea na mhadhiri wake mzoefu anayependwa. La pili likafundishwa na kijana aliyemaliza udaktari wake, hana uzoefu mkubwa wa kufundisha, ila amefunzwa njia hii: someni nyumbani kwanza, njooni tuulizane maswali, mbishane, tuwape majibu papo hapo. Mwisho wa wiki wakapewa mtihani mmoja. Darasa la mzoefu wastani 41 kwa mia, la kijana 74.

Ni wiki moja tu, siyo mwaka, na wapo waliolikosoa hilo. Sawa. Ila angalieni kitu ambacho kwenye vichwa vya habari hakikuonekana: darasa la mhadhiri mzoefu nalo lilikuwa na klika! Zilitumika kupima, mnajibu, jibu linaonyeshwa, tunaendelea. Kidude kimoja, chuo kimoja, somo moja. Tofauti ilikuwa kile kilichofanyika baada ya kubonyeza.

Na mwaka 2008 Nathaniel Lasry, mwalimu wa fizikia Quebec, aliuliza swali la kijiji kabisa: hivi klika na kadi za karatasi tofauti yake nini? Akafundisha kwa njia ya Mazur, kundi moja klika, jingine kadi. Kwenye kuelewa somo hakuona tofauti ya maana. Karatasi, wadau!

Sasa tuje upande wa filimbi.

Klika ya dola 30 mpaka 50 ananunua mwanafunzi mwenyewe. Dola 50 kwa hela yetu ni zaidi ya laki moja, hiyo kwa denti wetu ni kipande kizima cha bumu. Huko kwao pia walilalamika, hasa miaka ile ambapo kozi moja inataka kampuni hii na kozi ya pili inataka ile, unatembea na rimoti mbili begini kama fundi TV. Lakini hela ndiyo shida ndogo.

Shida kubwa ni kwamba kila klika inasajiliwa kwa jina la mwenye nayo. Mhadhiri akishagundua hilo anaona njia rahisi: asiyebonyeza leo hakuja, mkate alama. Kile kidude kilichotengenezwa ili mtu aweze kukosea bila aibu, kimegeuka rejista. Na mwanafunzi naye si mjinga. Kama huku kwetu karatasi ya mahudhurio inasainiwa na mtu mmoja kwa niaba ya chumba kizima cha hosteli, kule mtu mmoja anaingia ukumbini na klika nne mfukoni, anabonyeza za wenzake waliolala.

Chuo cha Dartmouth kiliumbuka kwa hilo mwaka 2014. Mhadhiri alishtukia klika zinajibu nyingi kuliko vichwa anavyoviona, akaamua pamoja na swali la klika agawe na karatasi, wajibu kwa mkono. Hesabu hazikulingana. Wanafunzi 64 wakaburuzwa kwenye nidhamu ya chuo. Na kozi yenyewe ilikuwa ya michezo, dini na maadili. Yaani walikuwa wanaibia kwenye darasa la maadili! Nilicheka, halafu nikajiuliza, kama darasa lilikuwa na maana kwao, kwa nini wote hao wabaki vitandani?

Kuna utafiti mwingine wa Colorado, wa mwaka 2006, unaoeleza jambo la chini zaidi. Madarasa ya elimu ya nyota. Kwenye moja, ukikosa kwenye klika unapoteza alama. Kwenye jingine, jibu lolote lina alama sawa ili mradi umejibu. Wakasikiliza wanafunzi wanavyoongea. Penye alama, mazungumzo yanashikwa na yule anayejua zaidi, mwenzake anaitikia na kubonyeza. Pasipo hatari, wote wawili wanaongea, wanapingana, wanataja mawazo yao hata yakiwa ya ovyo. Kwa hiyo ukishaweka adhabu, umeirudisha ile "ndiyooo" kwa mlango wa nyuma. Safari hii inaitikiwa kwa betri.

Nionavyo mimi suala zima lipo hapa: grafu ikipanda ukutani, inamuumbua nani? Kwa Mazur ilimuumbua mwalimu. Ilimwambia umeongea dakika kumi na theluthi mbili hawajakupata, simama. Kwa yule wa rejista inamuumbua mwanafunzi, na mwalimu anabaki salama mbele na slaidi zake. Ni wepesi sana kupenda ya pili. Ya kwanza inauma. Mtu mwenye PhD, anayeitwa dokta na wote, aone mbele ya watu mia tatu kwamba maelezo yake hayakuingia? Wengi watazima projekta.

Siku hizi vidude vyenyewe vinapotea. iClicker ina programu ya simu, kuna Mentimeter ya Sweden, kuna Kahoot ya Norway ya toka 2013 yenye muziki na mashindano ya kuwahi, nzuri kwa kuchangamsha lakini anayewaza polepole anaachwa. Na simu inajua ulipo. Programu ya iClicker inamwezesha mhadhiri kuhakiki mahudhurio kwa mahali simu ilipo, kwamba uko ukumbini kweli au uko kitandani. Filimbi imepata macho.

Sasa huku kwetu. Nawaandikia nyie mliopo vyuoni na mnaosubiri kuingia, maana marafiki zangu waliotangulia wananipa stori za pindi ambazo watu wamekaa sakafuni, wengine dirishani, na aliyeko nyuma anasikia mwangwi tu. Ukiuliza mlijifunza nini wanakwambia tutapata desa. Desa linakaririwa, mtihani unafanywa, aliyebahatika hasapu. Zile fizikia mbili kichwani, ya mtihani na ya maisha, na sisi tunazo, tena kwetu zinatenganishwa hata na lugha: ya mtihani kwa Kiingereza, ya maisha kwa Kiswahili. Hapo kwenye kubishana na jirani ndipo Kiswahili kingeingia ukumbini bila kuomba kibali. Hakuna atakayebishana kuhusu lori na bajaji kwa Kiingereza cha kusoma.

Najua hoja za upande wa pili. Silabasi haiishi, na ukisimama kila dakika kumi ubishane hutamaliza. Ni kweli, na ndiyo maana kule mwanafunzi anatakiwa asome kabla ya kuja. Huku kitabu kimoja cha maktaba kinagombewa na watu mia, atasoma nini? Hapo panahitaji kazi, lakini kurasa tano zinazotumwa kwenye simu siku moja kabla haziwezi kushindikana, mbona madesa yanasambaa usiku mmoja. Hoja ya pili, wahadhiri wamezidiwa. Sawa, ila swali moja zuri la kubishania haliongezi karatasi ya kusahihisha hata moja.

Hela? Manila moja ukiikata unapata kadi nyingi, unaandika A, B, C, D kwa maka peni, imekwisha. Kwa madarasa madogo ipo Plickers, kila mwanafunzi anainua karatasi yenye alama ya mraba, akiigeuza upande fulani ndiyo herufi yake, na mwalimu anapitisha kamera ya simu yake tu, inasoma wote. Uzuri wake jirani hajui umejibu nini, alama hazisomeki kwa macho kirahisi. Kwa ukumbi wa mia tano haitatosha, hapo manila, au kila mtu aweke vidole kifuani: kimoja A, viwili B. Anayekaa mbele yako haoni, mhadhiri anaona.

Kwa hiyo siku mkisikia kuna mradi unaleta makasha ya klika au leseni za programu, na waziri anakata utepe, ulizeni mambo mawili tu. Jibu baya litakatwa alama? Na mhadhiri akiona wengi wamekosa, anaruhusiwa na ratiba yake kusimama, au lazima amalize slaidi?

Ningependa kusikia kutoka kwenu. Mlioko vyuoni: darasa lenu kubwa lina watu wangapi, na lini mara ya mwisho mhadhiri aliuliza swali akasubiri jibu kweli? Walimu mnaopita hapa, maana najua mpo, kuna aliyewahi kujaribu kadi? Na jamani semeni ukweli kuhusu lori na bajaji, nani alichagua A? Anonymous ruksa.